Sauti ya Shabani Imekamatwa

Buyenzi, Bujumbura, Jumamosi

Mama yangu mupenzi,

Goti lako limepoa, ama bado unaswali umekaa? Kalemie munalala salama? Huku tuko wazima, mjukuu wako Mwajuma ameota meno mawili. Lakini roho yangu haikai. Mizinga ya milimani tunaisikia hata mchana.

Shabani alipanda Gitega na lori ya bosi wake, akaniambia siku tatu. Zikapita tisa. Nikafunga nguo za mutoto ndani ya kitenge, nikimbilie kwako. Halafu nikawaza: na akirudi, akute mulango umefungwa?

Alhamisi jirani akaniita: "Mama Mwajuma, kimbia kwa Idi! Bwana yako ametuma sauti!"

Idi ni fundi wa kompyuta, hapa nyuma ya gereji. Ana mashine moja tu, ya Linux, lakini ameiwekea ekra mbili za kutazama na klavie mbili za kuandikia. Watu wawili wanaitumia pamoja, kila mutu anaingia kwa jina lake. Shabani alisemea ndani ya mashine ya rafiki yake kule Gitega, sauti ikaja kwa internet.

Nikakaa mbele ya spika. Kimya. Idi akabonyeza, akabonyeza, akasema bila kunitazama: "Sauti ya bwana yako imekamatwa."

Mama, nikapiga kelele: "Nani amemukamata? Wanajeshi?"

"Apana, dada! Ni Mama Neema!"

Mama Neema, muuza vitenge, yuko kwenye ekra ya pili. Akaruka: "Mi? Nimekamata bwana wa nani?"

Watu wakacheka. Kumbe kadi ya sauti ndani ya mashine ni moja, wa kwanza kuifungua anaishika, wa pili anabaki bubu. Mama Neema alikuwa anasikiliza kwaya, akaisimamisha bila kuifunga. Akaifunga, Shabani akasema: "Mama Mwajuma, niko muzima. Barabara imefungwa. Usihame, nitashuka na lori za kwanza." Mwajuma akashika spika kwa mikono miwili.

Lakini alisema hayo Jumatatu. Jana lori zilishuka, yake haikuwemo. Leo nimerudi kumusikiliza tena. Idi ameweka programu inayochanganya sauti za wote, kwaya na Shabani wanatoka pamoja, hakuna anayemunyamazisha mwenzake. Nguo za mutoto nimezifungua. Namungojea.

Unisalimie shangazi Feza aliyenilea, na kaka Ramazani, asivuke ziwa kunifuata.

Kwenye dua zako utaje jina la Shabani. Sauti yake haikamatwi tena, na yeye asikamatwe.

Mutoto wako,
Zuhura