Shubiri Yako Bado Inapima Samaki

Shangazi,

Sketi yangu ya shule haijawa matambara. Mama alitaka kuikata siku ileile nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne, nikamwomba aiache. Nilikuwa sijui kwa nini naing'ang'ania. Sasa najua, na nilitaka wewe uwe wa kwanza kuambiwa.

Ulipotuacha, bwawa letu la Mzenga lilibaki bila mkono wako. Siku ya mazishi hakuna aliyelifikiria hilo. Miaka yote ulikaa pale ukingoni, khanga umeikunja magotini, na kila perege aliyenaswa ulimpima kwa shubiri yako, mdomo hadi mkia. Asiyefika alirudi majini. "Huyu bado anasoma, mwacheni amalize shule," ulisema, na wageni wa Kibaha wakacheka na kumwachia.

Jumapili zilizofuata wageni walikuja vilevile, na mishipi yao, mahema, majiko ya mkaa. Vijana wa viwandani Zegereni walicheza mpira ng'ambo ya bwawa kama kawaida. Lakini sasa kila mtu alipima kwa mkono wake. Baba mmoja wa Misugusugu alimwita binti yake wa miaka minne aweke kiganja chake juu ya samaki. "Shubiri ni shubiri, au siyo?" Watu wakaangua kicheko. Mimi nilisimama hatua mbili tu kutoka pale, Shangazi, na sikusema neno. Nilitazama vile visamaki vikiingia kwenye ndoo, nikarudi nyumbani nikalia jikoni.

Kisha Mzee Kondo, mwenyekiti wa kamati ya bwawa, akaitisha kikao. Wageni wamekosa adabu, alisema, basi bwawa wafungiwe. Bwawa ulilohangaikia liwe la kila mtu!

Asubuhi ya kikao nilikuwa nakunja nguo zilizokauka. Nikafika kwenye sketi. Nikakuona umepiga magoti mbele yangu, unapima kutoka kiunoni kwenda chini: "Moja, mbili, tatu, nne. Shubiri nne kamili. Ukirefuka tena utavaa gunia." Fundi aliishona hivyohivyo. Nikaikunja katikati, nikaikunja tena. Nikakaa chini. Shubiri yako ilikuwa mikononi mwangu.

Nilikata fimbo ya mwanzi kwa urefu ule, nikaenda kikaoni. Unanijua. Wewe ndiye uliyesema samaki wanaongea kuliko mimi. Niliweka sketi mezani, nikalaza fimbo juu yake, nikasema, "Hii ndiyo shubiri ya Shangazi." Nikarudi kukaa. Rafiki yako Bi Tatu akainuka, akapima fimbo kwa macho. "Mkono wa Mwajuma huo! Naujua, ulinizaba kofi utotoni." Kikao kizima kikacheka. Wakanipa Jumapili moja. Fimbo isipoheshimiwa, bwawa linafungwa.

Na Jumapili hiyo unadhani nani alinasa wa kwanza? Mzee Kondo mwenyewe. Samaki alipungua upana wa kidole. "Mvute mkia kidogo, atafika," akasema. Watu wote walinigeukia, na yule baba wa Misugusugu alikuwepo na ndoo yake.

"Shikamoo babu," nikasema.

"Marahaba."

"Bado anasoma. Mrudishe."

Nilidhani nimeharibu kila kitu. Mzee alinitazama, akatazama fimbo, akachutama, akamshusha samaki majini taratibu kwa mikono miwili, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Yule baba naye, bila kuambiwa, akatoa wawili kwenye ndoo yake. Binti yake akawapungia mkono.

Bwawa liko wazi, Shangazi. Fimbo inaning'inia pale ulipokuwa ukikaa, na kamati imesema niishike mimi kila Jumapili. Jana mgeni mmoja alimpima samaki wake na kumrudisha, wala hakujua kwamba namwona. Nilijivunia mkono wako mpaka nikacheka peke yangu.

Pumzika sasa, mikono yako imefanya kazi ya kutosha. Matokeo yakija na nikaenda kidato cha tano, nitamfundisha mwingine kabla sijaondoka, na likizo nitarudi kuangalia. Fimbo ikivunjika, sketi ipo sandukuni. Na kila mgeni akiniuliza hii ni shubiri ya nani, nakuahidi sitatazama chini. Nitamjibu kwa sauti: ya shangazi yangu.

Salma wako