Kilian Ndunguru, Aliyepima Kyoto kwa Kamba ya Katani

Kwanza ilikuwa filimbi. Kabla hatujaona mtu mlimani, tulisikia filimbi ya jirani yetu Frederick, ile anayochezeshea mpira Jumapili, ikilia mara tatu. Mama akasema, "Leo Alhamisi, mechi gani hiyo?" Kisha tukasikia mipini ya majembe ikigonga kitu kisicholia kama udongo. Mwaka umetimia tangu asubuhi ile, kaka Kilian, na masikio yetu hayajapona.

Ulikuwa mkulima wa kahawa na mwenye banda la video. Mashine yako ya kumenyea kahawa ilianza na za wajane, zako zikaja mwisho. Hukuwahi kufika mbali kuliko Songea, lakini ulikuwa na mji wako: Kyoto, mji wa kale wa Wajapani. Uliujua kwa vitabu viwili alivyokuachia Padri Nicholaus alipohamishiwa Mbinga, na kwa filamu za mapanga ambazo kila moja uliitazama mara ishirini. Daftarini uliandika: hapa mto Kamo, hapa daraja, hapa milima pande tatu kama kwetu. Hapa barabara ya Sanjo, Shijo, Gojo. Ya tatu, ya nne, ya tano. Binti yako Loveth alizitaja zote kabla hajajua Baba Yetu, na mama akakununia wiki nzima.

Kule Lipingo ziwani, kwa dada yetu Beata, wavuvi walijaa bandani kwako kutazama watu wakikatwa vichwa. Upanga ukiwa juu kabisa, wewe ukasimamisha picha.

"Msimwangalie mwenye upanga. Angalieni nyuma yake. Ile nyumba ya mbao ina uso mwembamba, lakini ndani ni ndefu."

"Kilian, sisi tumekuja kuona kichwa."

"Kichwa kitaanguka tu, shemeji. Nyumba ndiyo itakimbia kabla hamjaiona."

Walikuzomea, na Jumapili iliyofuata wakarudi.

Mwezi Machi kwetu wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza mraba kwa mraba mteremkoni, kisha wanawake huchimba udongo wa katikati na kuzifunika. Shamba linabaki mashimo yaliyopangwa, ngolo zetu. Ulisimama mteremko wa pili, ukatazama miraba ile, ukaniambia, "Hamphrey, mababu walijenga Kyoto bila nyumba." Ukachukua kamba ya katani na vigingi. Ulitaka ngolo za mwaka ule zifuate barabara za mji wako, ili Loveth atembee Shijo bila kupanda ndege.

Shijo ilipaswa kunyooka mpaka mtoni. Jiwe la mpaka lilisimama njiani. Ukalivuka hatua mbili, ukagonga kigingi kwenye shamba la Frederick, kwa sababu barabara ile haikuwa na ruhusa ya kupinda. Watu wetu wamefikishana mahakamani kwa mgomba mmoja. Wewe ulijua hivyo na ukaenda na kamba.

"Kilian, hicho kigingi unakipeleka wapi?"

"Mtoni, bwana Frederick. Hii barabara itapita kwako pia."

Ulikuwa unacheka. Siwema, mkeo, aliyekuwa anakuletea uji, alikusikia ukicheka. Frederick alisikia mtu anayechukua ardhi yake mchana kweupe na kumtania juu yake. Akapuliza.

Walikuja wanaume sita. Watatu kati yao walikula Krismasi mezani kwako. Mpini wa kwanza ulivunja mkono ulioshika kamba. Wa pili ulivunja meno. Ya baada ya hapo hakuna aliyehesabu. Tulipofika walikuwa wameshakimbia, nawe umelala juu ya nyasi ulizozilaza mwenyewe, kamba imekazwa ngumini, damu ikiteremka kutoka mraba mmoja hadi mwingine, imenyooka kama ulivyopima. Nasema hivi waziwazi ili waliokuwepo wasome.

Hukuhamisha mpaka, ulipima barabara,
Mipini ikainuka, wakakupiga imara,
Damu yako ikashuka, shimo likapata sura,
Wapigaji wanacheka, nami nanoa hasira.

Wawili wamefungwa. Wanne wamekimbia, hawajulikani walipo. Frederick, aliyepuliza, yuko nyumbani kwake, na mimi nilinoa si hasira peke yake. Jumanne iliyopita nilivuka lile jiwe nikiwa na panga. Mke wake, Edina, alikuwa peke yake shambani, anachimba.

"Mdogo wangu, umekuja na panga."

"Mume wako yuko wapi?"

"Yuko ndani. Tangu asubuhi ile huku hafiki." Akanionyesha kwa jembe. "Na hicho hajathubutu kukigusa. Mimi nachimba nakizunguka."

Kigingi chako, kaka. Kimesimama palepale ulipokigonga, hatua mbili ndani ya shamba lao, na ngolo zimekipisha kila upande. Nyumba ya Frederick ilikuwa nyuma yake, mlango umefungwa, shati la mtoto limeanikwa dirishani. Nilisimama na panga mpaka mkono ukachoka. Nikasikia sauti yako ya kule bandani: angalieni nyuma yake. Nikarudi.

Mama alikuwa mlangoni, ameliona panga. Hakulia. Alisema, "Mmoja nimemzika. Wewe unataka nikupelekee chakula gerezani. Sema leo unachotaka, useme kwa sauti, mkwe wangu asikie na mtoto asikie."

Misa ya kukuombea itakuwa Jumamosi, saa moja asubuhi, kigangoni kwetu. Hakuna siku utakayotoka moyoni mwetu. Wanaokukumbuka ni mama yako Walburga, mkeo Siwema, binti yako Loveth, dada yako Beata na shemeji zako wote wa Lipingo, na mimi mdogo wako Hamphrey, niliyemjibu mama mbele yao:

"Mama, panga hili halitavuka tena lile jiwe. Lakini Jumamosi, baada ya Misa, mchana kweupe, nitavuka mimi na kamba ya Kilian. Nitabisha hodi kwa Frederick, nimwombe ruhusa usoni, kisha nitaifunga kwenye kile kigingi na kuinyoosha mpaka mtoni. Anayetaka kupuliza filimbi, apulize. Sitakimbia, na sitainua mkono."