Jina Lililoandikwa Kambini

Chula,
kwa njia ya Kismayu.
3 Machi 1998

Mpendwa Mjomba Husseini,

Assalaam alaykum. U hali gani, Mjomba, na kile kifua chako? Mkaza mjomba Kulthumu naye? Sisi miili yetu mizima. Hanan ametimiza miaka sita na ameng'oka jino. Mbaraka bado ananyonya.

Ila moyo wangu haujatulia, ndiyo maana nakuandikia.

Wenye bunduki walioshika Kismayu wanaandika askari. Wanasema atakayetumikia miaka miwili atalipiwa masomo ya ufundi, na akifa watoto wake watasomeshwa. Mume wangu Mzamil hana kazi tangu mashua yao inyang'anywe, na wajua alivyo na hamu ya kusomea mashine. Juma lililopita akaenda.

Wakamkataa. Sisi Wabajuni hatuna ukoo wa Kisomali wa kutusimamia. Basi rafiki yake wa bandarini akamwambia ajiandikishe kwa ukoo wao, kama mtoto wa baba wa huyo rafiki. Akakubali. Alirudi anacheka, akanionyesha karatasi. Nimeisoma mara tatu kwa hiki kisomo changu kidogo. Mzamil ni jina lake, lakini baba si babake, babu si babuye, na mke na watoto hawakuandikwa.

Nikamuuliza, ukifa, atakayesomeshwa ni mtoto wa nani?

Akasema, "Jina ni karatasi tu, Zuleikha. Mchu ni mimi."

Lakini mchu, mtu mwenyewe, akifa, Mjomba, itabaki karatasi.

Wewe zamani za serikali, kabla ya vita, ulikuwa jeshini, wakakupeleka kusomea injini. Walikulipia kweli? Uliandikwa kwa jina lako? Mwandikie, wewe atakusikia. Na kama huko Mombasa iko gereji ya kumpokea afunzwe, hata aanze kwa kufagia, tutakuja sote.

Jumamosi anatakiwa kambini, na bila karatasi ile hawampokei. Nimeitia humu ndani ya barua. Yeye hajui. Tangu asubuhi anapekua chini ya mikeka, nami namsaidia kutafuta. Naogopa atakavyonitazama akijua, lakini kambi naiogopa zaidi.

Jirani yetu Mashavu anavuka leo, yeye ndiye atakayekuletea. Tafadhali usiirudishe.

Nisalimie mkaza mjomba, na Adnan na Zakiya. Mungu awafunike kwa rehema zake, na atukutanishe hesabu yetu ikiwa kamili.

Mwanao akupendaye,
Zuleikha