Visheti vya Mchu wa Chovae

Jumamosi, 2 Mei 1925
Mahmudi mfanyabiashara kaja asubuhi. Anataka visheti vyetu viingie makopo, kila kopo na karatasi iliyopigwa chapa Mombasa, iseme ni vya nani. Nikasema upesi: vya bibi yangu, Mwanatumu! Bibi nyuma ya pazia akanikatiza — ina lake, jina la mwanamke, lizunguke sokoni, mikononi mwa wachu, watu asiowajua? Mahmudi akatabasamu: basi liandikwe lake yeye Mahmudi. Damu ikanichemka. Miaka arobaini ya mikono ya bibi! Mwisho bibi kasema iandikwe “vya mchu wa Chovae”, kisiwani kwetu, yatosha. Mahmudi kakubali, shingo upande.

Jumatano, 6 Mei
Nimemwuliza bibi vilianzaje, tukikanda. Babu Famau, mumewe, alikuwa kisiwa cha Koyama akiunda chombo cha watu, nyumbani Chovae hamna kitu ila unga na sukari guru kidogo. Bibi akakanda, akabonyeza vidonge juu ya kawa ya ukili ya kufunikia chakula, vipate mistari, akakaanga. Mabaharia walivipenda kwa sababu haviozi. Wakavipeleka Lamu, wakavipeleka Adeni. Bibi na babu walipohamia hapa Kismayu, wateja wakamfuata. Kawa ni ile ile mpaka leo, imeshonwa upya mara nne. Najivuna, sifichi.

Jumatatu, 25 Mei
Unga haba. Nimeungua kidole. Mjini wanazungumza Wataliano tu, wanakuja lini kuupokea mji kwa Waingereza. Mahmudi anasema hata wao watakula visheti.

Alhamisi, 4 Juni
Karatasi zimefika. Mia tano! Marehemu mume wangu alinifundisha herufi za kizungu, nikasoma: VISHETI VYA MCHUZI WA CHOVAE.

Mchuzi!

Karani wa Mombasa hakujua kwamba kwetu mtu ni mchu. Kadhani neno limekatika mkia, akaliungia. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikalia. Sukari na mchuzi — nani atanunua?

Ijumaa, 5 Juni
Mahmudi kaja baada ya sala. Kakasirika kuliko mimi. Anasema zitapigwa nyingine, ila safari hii hataki maneno ya visiwani: jina la mtu kamili, na kwa kuwa bibi lake halitaki, litakuwa Mahmudi. Chombo cha Mombasa kinaondoka leo leo, aandike hapa hapa.

Bibi akafungua pazia. Kafungua! Akatoka hadi barazani, kajitanda buibui, akasema mbele ya Mahmudi na mchukuzi wake: “Mimi ndimi. Mwanatumu binti Hamidi. Andika.”

Mahmudi kaomba wino, nimempa wangu. Mimi nimesimama mlangoni na kalamu yangu ya risasi, naandika haya. Ameshaandika herufi moja, kubwa: M, ya bibi au yake mwenyewe, sijui. Kisha kalamu kaiweka chini, anakunywa kahawa. Bibi hajaketi.