Viatu na Sehemu Zake Zote

4 Machi

Kwako mdogo wangu,

Salamu. Hali yangu usiulize. Mama hajambo, miguu tu ndiyo inamsumbua, na ameniambia nikusalimu. Basi nimekusalimu kwa niaba yake.

Nimetoka bandarini. Soli zangu zimezuiwa. Nilisubiri miezi mitatu benki ipate dola za kuzinunulia, zikaja, sasa jamaa wa forodha ananionyesha karatasi: ushuru mpya, "viatu na sehemu zake zote". Ushuru wenyewe unazidi bei ya soli! Nilipomuuliza nani katunga upuuzi huu, akataja ofisi yako. Nikacheka mpaka akaniuliza kama nina homa.

Sisi mafundi tuliomba mvibane viatu vinavyoletwa tayari kutoka nje, vile vya bei ya kutupa. Mmetubana sisi. Hapa nchini nani anatengeneza soli? Hakuna, na wewe unajua, umekulia humu humu karakanani kwa baba. Mafundi sita wamekaa wananitazama. Ondoa hilo neno, na uliondoe wiki hii.

Kaka yako

11 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia Mama hajambo. Mpelekee hii dawa ya kuchua, mpe mkononi, usiiache dirishani kama ile ya mwaka jana.

Sasa tuongee. Barua ya kuomba ushuru ilikuwa yako. Wenzako walikuchagua mwenyekiti, ukaandika "viatu na vyote vinavyohusu viatu". Mimi nikatayarisha rasimu, nikakutumia kabla haijapitishwa, nikakuomba uisome mstari kwa mstari. Ilirudi baada ya siku mbili, nyuma umeandika kwa ile kalamu yako ya kuwekea alama ngozi: "Tozeni vyote, msiache hata kimoja." Ninayo hapa mezani.

Kuondoa neno si kazi ya wiki. Wakopeshaji wa nje wametufunga: orodha ya ushuru haiguswi katikati ya mwaka bila idhini yao. Waziri mwenyewe anaomba, sembuse mimi. Na nikisimama kuzitetea soli wataniuliza anayeumia ni nani. Hapa ofisini hakuna anayejua kwamba mwenyekiti wa mafundi ni kaka yangu. Nilipaswa kusema. Sikusema, kwa ajili yako.

Usinitupie mimi mzigo wako.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, dawa pia, na Mama kaipata mkononi.

Kweli niliandika. Kusoma sikusoma. Tangu lini mimi nikawa msomaji? Enzi za baba wewe ulisoma vipimo kwenye daftari kwa sauti, mimi nakata. Ukisema arobaini na moja, nakata arobaini na moja, sikuwahi kunyanyua shingo kukagua. Hivyo ndivyo nilivyofanya na safari hii. Ungekuwa bado mtu wa nyumba hii ungeniambia, "Kaka, hapa unajikata mwenyewe." Badala yake umehifadhi karatasi ya kunikomoa.

Una kiti cha kuzunguka, baki nacho. Usipoliondoa hilo neno, usiniite kaka.

Fundi

2 Juni

Kaka,

Shikamoo, ingawa umenikataza. Mama anaendeleaje? Hujajibu barua zangu mbili, na simu yako hupokei.

Nilisimama mbele ya kamati ya ushuru. Niliwasomea ule mstari, nikawaambia hapa nchini hakuna kiwanda cha soli hata kimoja, na kwamba fundi anayeumia ni ndugu yangu na nilikuwa nimeficha. Kosa wakaliona. Wakopeshaji nao wamekubali, ila imechukua wiki kumi na moja za barua kwenda na kurudi. Kuanzia Jumatatu soli zinapita bila ushuru. Nenda kachukue zako.

Mimi wamenitoa. Ile siri ndiyo waliyoishikilia. Kiti cha kuzunguka sasa anakikalia mwingine. Sijutii, lakini nina hasira na wewe na sitaificha. Ungesoma ukurasa mmoja. Mmoja tu, kaka!

Nakuja mwisho wa mwezi. Nitakusomea vipimo mpaka nipate kazi.

Mdogo wako

9 Juni

Salamu. Mama anauliza unakuja lini. Mjibu mwenyewe.

Soli nimezichukua. Zimo kwenye maboksi, zimejaa chumbani kwa Mama mpaka anapita ubavu. Karakana niliifunga Aprili. Mafundi wametawanyika, wawili sijui hata waliko. Cherehani ya baba ndiyo iliyotoka mwisho, ilibebwa na watu wanne, na aliyeinunua anauza vyuma chakavu. Zile barua zako mbili za kwanza nimezifungua leo.

Palipokuwa karakana sasa pana duka. Mwenye duka anaagiza viatu kutoka nje, vile vile nilivyokuwa navitukana, na mimi ndiye ninayesimama mlangoni kuviuza. Mteja akiniuliza kama vitadumu, namwambia vitadumu. Kwa hiyo usije kunisomea vipimo. Viatu hivi namba zake zimeshapigwa huko huko vinakotoka.

Waagizaji wanataka ushuru wa viatu vya nje ufutwe wote. Walitafuta mtu aliyewahi kuandika barua za namna hiyo, nikawaandikia. Itafika kwenye meza yako ya zamani wiki hii. Safari hii nimeisoma mwenyewe, mstari kwa mstari, mara mbili.

Muuza viatu