Zainabu Hataki Dua ya Kulala

Luanda Kotieno,
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaikum. Je, magoti yanakuruhusu kusujudu sasa, au bado unaswali ukiwa kwenye kiti? Sisi tunapumua, alhamdulillahi. Baba Zainabu anauza omena, wale dagaa wa ziwani, siku mvua isipowanyeshea.

Mama, tangu tumzike Juma wangu, nyumba hii ina kimya kinachonisikiliza. Unajua alivyolala mzima, asubuhi tukamkuta amepoa. Sasa dada yake Zainabu hataki dua ya kulala. Nilimfundisha kama ulivyonifundisha wewe, mkono chini ya shavu, na maana yake nikamwambia: kwa jina lako, Mola, ninakufa na ninaishi. Nikianza tu, ananiziba mdomo.

"Usiseme hiyo! Ulimsemea Juma, hakuamka."

Mimi mwenyewe nikiisoma nasikia kama kuna sauti ndogo inanifuatisha, pale kwenye mkeka wa Juma.

Usiku mtoto anakaa macho, mchana anasinzia. Jirani yangu Mama Akinyi, tunayeanika naye omena, alimkuta amelala juu ya nyavu.

"Wewe Mama Zainabu, huyu mtoto ako na nini? Ama usiku munacheza ngoma?"

Nikacheka, halafu nikalia, nikamweleza yote. Yeye ni mtu wa kanisa, lakini aliketi nami mchangani.

"Na dua ya kuamka munayo?"

"Tunayo."

"Basi anza na hiyo, bwana!"

Nikaanza nayo. Alfajiri nilimkuta ameweka kidole puani pangu, anapima kama napumua. Nikamwambia, tumshukuru Mungu aliyetupa uhai baada ya kutufisha, na kwake ndiko kufufuliwa. Akaisema nusunusu, kisha akautazama ule mkeka.

"Na Juma atasema yake lini?"

"Siku Mungu atakapomwamsha."

"Utakuwepo umsaidie? Yeye hajui kuisema."

"Inshallah, tutamsaidia sote."

Jana jioni aliweka mkono chini ya shavu bila kuambiwa. Dua hakuisema, lakini hakuniziba mdomo. Niliisoma mimi, polepole, mpaka mwisho, na sauti ile niliisikia. Safari hii sikuiogopa sana.

Nisalimie shangazi anayefundisha madrasa, amwombee Zainabu, na kaka Musa wa duka la mafuta ya taa. Mkumbatie bibi, asiyesikia vizuri, umpe salamu zangu kwa ishara ya mkono.

Naweka kalamu chini, Mama. Zainabu ameamka, ananiita.

Ni mimi bintiyo,
Halima