Kioo cha Mama Kwenye Dirisha la Mke Mwenzangu

Baba Tabu,

Maharage yako jikoni, yaongeze maji. Watoto wako kwa shangazi yao, wafuate kabla ya magharibi. Lile gunia la dirisha la chumbani kwao limelowa tena, lianike. Fundi wa vioo wa mji mzima, na wanao wanalala penye dirisha la gunia!

Asubuhi nilimpelekea Chausiku mchele, nimpe hongera ya nyumba mpya. Nilikwenda kwa moyo safi. Akanishika mkono kunionyesha dirisha lake: “Dada, madukani vioo vimekwisha, lakini Baba Tabu kanitafutia hiki.” Nikasogea. Pale pembeni, chini, umesahau kukwangua ile rangi ya fedha ya mgongoni. Nikaliona jicho langu.

Kioo cha kujitazamia cha marehemu mama, kilichokuja kwa treni kutoka Tabora kimefungwa kwenye kanga zake! Ulikichukua ukisema unakwenda kukitia fremu mpya, ukarudi mikono mitupu: kimeanguka, kimevunjika. Nikalia, na wewe ukanibembeleza. Ukanibembeleza!

Chausiku hajui kitu, usimgombeze.

~~Nitarudi Ijumaa.~~ Niko kwa kaka yangu, huko Kolandoto. Usinifuate.

Dirisha lile usilibandue, mwache mwenzangu apate mwanga. Ila kile kipande cha pembeni usikikwangue. Kila ukiwa kwake, ujitazame hapo.

Mama Tabu